Mkono wa Kushoto Pale Njia Panda

Baba Masanja,

Umekaa mno huko. Tangu tuvune pamba hujanijia hata ndotoni, utadhani ni mimi niliyekufukuza. Nilikulilia, nikakuzika vizuri. Basi tulia unisikilize. Mimi nasema, mjukuu wako Kabula anaandika.

Baiskeli yako nimeitengeneza, naiendesha mwenyewe. Napeleka michembe, viazi vyangu vya kukausha, sokoni Bariadi, gunia liko kwenye keria, kitenge nimekikaza kisinase kwenye cheni. Na pale njia panda, palepale ulipoangukia, nakata kushoto kwa kunyoosha mkono wa kushoto.

Najua umeguna. Kwenu watu hawanyooshewi mkono wa kushoto. Sawa, maji tulipokezana kwa wa kulia maisha yetu yote. Lakini barabarani, mume wangu? Ukienda kulia, wa kulia. Ukienda kushoto, wa kulia. Siku ile dereva aliuona huo wa kulia, akajua unaenda kulia, akapita kushoto kwako. Nawe ukakata, ukamwingia. Hukutaka kuwanyooshea wa kushoto wazee waliokaa pale barazani. Heshima yako ikakuua mbele ya macho yao.

Mimi nageuka kwanza nitazame nyuma. Nanyoosha mkono wote, mapema, siyo kama mtu anayefukuza nzi. Nikiona wamenielewa, naurudisha kwenye usukani, nakata. Juzi lori zima lilipunguza mwendo nyuma yangu, likatulia kama ng'ombe aliyeona fimbo.

Magari hayanisumbui. Wanaonisumbua ni wazee, maana mkono wangu unaelekea barazani kwao. Mdogo wako Jilala kaniitia kikao. Kasema mjane anawatukana watu wazima hadharani, niache, la sivyo ukoo utaichukua baiskeli Jumamosi. Nikamwambia, "Shemeji, nilipoolewa hapa ulikuwa mtoto, na mkono huu ndio uliokutawaza ukitoka chooni. Siku hizo hukuona tusi?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga ugoro wake. Jilala hakucheka. Amesema Jumamosi iko palepale.

Aje. Atanikuta nimeikalia. Akiivuta atanivuta na mimi, na gunia langu, mpaka huko ukoo unakokaa.

Nina hasira na wewe, ujue. Asubuhi bado napika chai ya watu wawili, na kikombe chako nakinywa mimi, kichungu, maana wewe hukutaka sukari. Ungenyoosha tu mkono, Baba Masanja. Wangenuna siku mbili, ungewapelekea togwa, yakaisha.

Nakuahidi, maadamu miguu yangu inakanyaga pedeli, hakuna mwingine wa nyumba hii atakayekufa kwa adabu. Kabula nimeshamfundisha, anajua mikono yote miwili.

Pumzika, mume wangu. Na ukija tena, usianzie kwangu. Pitia kwa Jilala kwanza, kabla ya Jumamosi, umweleze mwenyewe ulivyokufa.