Kikao cha Dharura Kuhusu Bi. Winifred Tozer Kuachwa Mlimani

CHAMA CHA MAGARI MAKONGWE, HADDLECOMBE
Jumanne, 12 Mei 1953, chumba cha nyuma, baa ya Jogoo Mweupe

WALIOHUDHURIA: Meja Hector Pilbeam (Mwenyekiti), Bw. Lionel Tapscott, Bi. Winifred Tozer, mchumba wake (hadi kikao kilipofunguliwa); Bw. Clive Garnett, Bw. Bert Oakshott (Katibu, dereva bora wa wilaya, hakuna aliyebisha).
ASIYEKUWEPO: Kasisi Plumley. Gari lake bado limo mtaroni.

KUMB. NA. 1/5/53: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga meza kwa spana. Bi. Tozer alivua pete ya uchumba, akaiweka kando ya kombe la mashindano ya Jumapili, akataka vyote viwili vijadiliwe pamoja.

KUMB. NA. 2/5/53: MASHINDANO YA JUMAPILI
Mwenyekiti alieleza kwamba Agatha, gari la Bw. Tapscott la mwaka 1908, alizimika katikati ya Mlima Gallows. Bi. Tozer alishuka kusukuma, kama ilivyo desturi ya abiria. Injini ilipowaka, Bw. Tapscott alikwenda zake, akafika wa kwanza, peke yake. Bi. Tozer aliokotwa na Bw. Garnett. Kanuni inadai dereva afike na abiria wake.

Bw. Tapscott alijitetea: "Winnie mpenzi, kila mtu humu anajua Agatha akiwaka mlimani husimami! Ukimzima, hawaki tena. Na nilikupungia kofia."

"Nilikuona, Lionel. Nilikuwa kifudifudi kwenye matope."

Bw. Garnett aliongeza kwamba gari lake husimama likiona mwanamke. Katibu alikumbusha kwamba gari hilo husimama hata asipokuwepo mwanamke.

KUMB. NA. 3/5/53: HOJA YA BI. TOZER
Bi. Tozer alitaka mlima urudiwe saa hiyo hiyo, yeye kwenye usukani, Bw. Tapscott nyuma akisukuma. Mwenyekiti alisema hakuna mwanamke aliyewahi kuendesha katika Chama hiki.

"Basi leo utamwona, Meja."

Hoja ilipita, kwa sababu mtoa hoja alikuwa ameshatoka na hendeli ya kuwashia gari mkononi.

KUMB. NA. 4/5/53: UTEKELEZAJI
Wajumbe walihamia mlimani na bia zao. Bw. Tapscott alisukuma mpaka koti likapasuka mgongoni. Agatha alikohoa, akawaka, akachomoka. Bw. Tapscott alianguka matopeni, akapiga kelele: "Usisimame, Winnie! Nenda! Kombe lako hilo!"

Kileleni, Bi. Tozer alizima injini.

Katibu amefika mpaka Paris kwa gari lisilo na breki, lakini hajapata kuona mtu akizima injini kwa hiari Mlima Gallows.

"Njoo, mpuuzi wewe," Bi. Tozer aliita. "Nakungoja."

Bw. Tapscott alimwomba Katibu pete. Katibu alikuwa nayo mfukoni, kwa usalama. Bw. Tapscott alipanda mlima mbio.

KUMB. NA. 5/5/53: KOMBE
Hakupewa mtu. Lilijazwa bia, likazungushwa. Bw. Garnett alikunywa zamu mbili, akasamehewa.

KUFUNGA
Agatha hakuwaka tena, hata alipoteremshwa upande wa pili. Kikao kilifungwa saa 2:40 usiku, barabarani, Bi. Tozer akiwa kwenye usukani na wajumbe wote wakisukuma, Bw. Tapscott akiimba.

H. Pilbeam, Mwenyekiti (alama ya grisi ni yake)
B. Oakshott, Katibu