Sijaugua, Kaka, Nimepungua kwa Makusudi

Makole, Dodoma
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Sostenes,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii inakukuta mzima hapo Mpanda, wewe na wifi Violeth. Miguu inaendeleaje? Mahindi mmeshavuna? Sisi tu wazima. Uwele umekubali mwaka huu, na mlenda tumekausha wa kutosha.

Nasikia binamu yetu Anyesi alipopita huko aliwaambia nimebaki mifupa, na wewe umeanza kufungasha uje kunichukua. Hebu fungua hilo begi, kaka. Sijazidiwa. Nimepungua kwa makusudi.

Sikulaumu, maana hata hapa walidhani hivyo. Kina mama wa jumuiya walikuja na kuku wa kukaanga na chupa ya uji wa karanga, wakasali rozari nzima. Wakati wa kuondoka, Ruthu, mwenyekiti wetu, akanivuta pembeni. "Dada, dawa siku hizi zipo, usijifiche." Nikamwambia, "Ruthu, kinachoniumiza ni huyo kuku wako." Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kila asubuhi tunatembea naye hadi kwenye meza zetu sokoni Majengo, na bodaboda wa pale kona ametununia.

Habari yenyewe ni hii. Januari nilipimwa nikakutwa na sukari, ileile iliyomchukua mama. Nilidhani ni urithi tu, nikae ningoje zamu yangu. Lakini nesi wa kliniki, binti wa Kinyakyusa aitwaye Bupe, alinipima kiuno akaniuliza, "Mama, unafikiri haya mafuta yamelala?" Nikasema ndiyo, si ni akiba. Akasema hayajalala. Yakizidi tumboni yanaita msaada, na askari wa mwili, zile chembe za damu zinazopigana na vijidudu, wanakimbilia huko.

Nikawakumbuka sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wa kule Zuzu, mwaka ule filimbi ilipopigwa. Walikuja na marungu, mwizi hakuonekana, na kurudi makwao wakakataa. Wiki mbili wanakula kuku wetu, mpaka wakampiga mjomba Bartolomayo akitoka kuchimba dawa. Nilipomsimulia Bupe, akasema ndivyo hasa. Askari hao wakikosa adui huwasha moto mdogo mdogo, hauna homa wala kidonda, na moshi wake unaenea kwenye damu. Ini na misuli vinakuwa viziwi. Insulini, ile inayoipeleka sukari ndani, inabisha hodi, haifunguliwi, na sukari inabaki nje ikizurura.

Kilichonitia moyo ni kwamba mafuta yakipungua, sungusungu nao huanza kutawanyika. Sikuambiwa nimepona, vidonge nameza. Ila soda na maandazi ya kibandani nimeviacha, nakula ugali kidogo na mlenda mwingi, na sukari imeshuka. Namshukuru Mungu kila nikiamka.

Lakini wifi amenidokeza kwamba unakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, vidole vya miguu vinakufa ganzi, na ukiambiwa kupima unasema mgonjwa ni mimi, Restuta. Ndiyo maana nimeandika, sikupiga. Simu haibebi kamba.

Itafute ndani ya bahasha. Fundo la mbali ni tumbo langu la Januari, la karibu ni la leo. Jizungushie usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani maana nakujua, ufunge fundo lako, kisha unirudishie kamba. Halafu nenda hospitali ukapime sukari. Baada ya hapo, ukitaka kuja, njoo, uwele upo. Mama nilimzika nikiwa nimekushika mkono. Nikikuzika wewe, nitamshika nani?

Nisalimie wanao wote, na mzee Zablon, jirani yako. Wifi Violeth mwambie kamba isipofika aniandikie yeye, kwa sababu wewe utasema imekatwa na panya.

Mungu aliyetuumba miili hii akupe masikio ya kunisikia.

Mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Restuta