Usilifue Shati la Kaka

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Dawa unywe ukishakula.

Nisamehe kwa kukupokonya shati la kaka asubuhi, beseni likiwa tayari na povu. Najua hukutaka mahakama imwone mwanao mchafu. Lakini polisi wanasema alianguka kifudifudi mahabusu akafa, na ile damu ya mgongoni inawaumbua. Nampelekea wakili sasa hivi. Kwenye hii kesi ya madai, hawachomoki.

~~Usije, utaumia bure.~~ Njoo saa nne, ukae mbele nikuone. Mimi unayeniita bubu wa nyumbani ndiye shahidi wa kwanza, na leo watanisikia mpaka mlangoni.

Tukishinda, shati litarudi. Utalifua wewe, nitalipiga pasi mimi.

Kitinda mimba wako