Vidonge Nilivyokufungia Sandukuni

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia, ungenikata jicho. Ulizoea kunijibu, "Marahaba, daktari wangu," hata mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nami nikijifanya naona haya huku moyoni nafurahi. Leo nakuandikia juu ya udaktari huo.

Mwaka wa pili huu tangu uondoke. Kijiji walichotuhamishia kimekuwa kijiji kweli, nyumba zimenyooka mistari, shule imepata mabati upande mmoja, na shamba la ujamaa limefika hadi kwenye lile korongo ulikokuwa ukichuma mboga ya mchunga. Jiko lako liliangushwa na mvua za mwaka jana. Sijalijenga, napika nje. Sanduku la dawa la kijiji bado liko chini ya kitanda changu, ila kufuli nimeliondoa.

Unakumbuka niliporudi kutoka mafunzoni? Miezi mitatu tu. Nilifundishwa kufunga vidonda, kutoa klorokwini kwa homa, na kuwahimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Presha haikutajwa, au ilitajwa siku niliyosinzia. Lakini wewe uliwatangazia majirani kama vile nimetoka Ulaya. Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama kuwacheka wazee wanaosema dawa haipandi juu ya dawa, kwamba ukimeza ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza zitapigana tumboni na mgonjwa ndiye atakayeumia. Nikasema hizo ni imani za zamani. Watu wakapiga makofi, na wewe ulipiga kuliko wote.

Kisha ikaja presha yako. Ulikwenda Korogwe ya zamani kumsalimia mdogo wako, mama mdogo Mwajuma, kichwa kikakugonga njiani, akakupeleka hospitali. Ukarudi na kopo la vidonge na masharti yake. Uliyakariri mbele yangu kama mtoto wa madrasa: kidonge kimoja kila asubuhi, chumvi basi, na hata nikishikwa na homa au mafua vidonge hivi siachi, wala dawa za mafua za dukani sinywi bila kuuliza, maana ziko zinazopandisha presha. Ulinirudia mara tatu. Mimi nilikuwa nasikiliza redio. Nikakuitikia "ndiyo, mama" mara tatu.

Mwaka mzima ulishika masharti. Ulikula mchunga bila chumvi, mchungu juu ya mchungu, ukasema, "Mboga hii imechumwa na kuoshwa, bado kupikwa." Nikacheka. Laiti ningekaa palepale tunacheka.

Mafua yalianza kama mafua ya kila mtu, wakati wa palizi. Ukajicheka mwenyewe, mtu aliyezaliwa Vugiri kwenye ukungu wa milimani aje augue mafua Handeni kwenye jua hili. Siku ya pili homa ikapanda. Nikakupa klorokwini, nawe asubuhi hiyo ulikuwa umekwisha meza kidonge chako cha presha. Haikupita hata robo saa, ukatapika. Nikaviona vyote viwili pale chini, kimoja kimekaribia kuyeyuka na kingine kizima, nikaogopa, mama. Maneno ya wale wazee niliowacheka yakanirudia moja baada ya moja. Kwa mtoto wa jirani ningesema ni uchungu wa klorokwini, mpe tena na uji kidogo. Kwako akili ilinikimbia. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi sikuweza kumganga mama yangu.

Nikalichukua kopo lako nikalitia sandukuni, nikafunga kufuli. Nilikujua usivyopenda kuacha jambo ulilolianza, ndiyo sababu nikafunga. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu kwenye uzi, kama nilivyoagizwa na serikali ya kijiji, dawa zisichezewe.

Siku ya tatu ukaniita. "Athumani, nipe vidonge vyangu. Kichwa hiki si cha homa." Nikasema, "Tuimalize hii kwanza mama, ndipo turudi kwenye ile." Jioni ukaniomba tena. Siku ya nne ukaniomba tena, ukiwa umekishika kichwa kwa mikono miwili, nami nikasema ngoja homa ishuke. Ukaishusha ile mikono. Kisha ukasema, "Haya, daktari wangu." Hukubisha. Wewe uliyebishana na bwana shamba mbele ya watu mpaka akavua kofia, hukubisha na mimi.

Na chumvi nilikurudishia. Mdomo ulikuwa mchungu, siku mbili hujala kitu, nikachinja jogoo nikakuchemshia mchuzi, nikatia chumvi kwa huruma. Ulikunywa bakuli zima ukalamba kidole. "Leo nimekula," ulisema. Nilifurahi sana siku ile. Siku hizi nikitia chumvi kwenye chungu changu mkono unasita.

Asubuhi ya siku ya tano walikuja kuniita shambani. Nilikukuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna habari. Wengine walisema upepo mbaya umekupitia, wengine wakasema tukufukize. Mkono wako wa kushoto ulikuwa unafanya kitu, vidole vimeshikana, vinageuka, vinarudi, vinageuka tena. Wanawake wakasema masikini, anavuta tasbihi. Mimi nilijua unafungua kufuli. Nikakimbia nikafungua sanduku, nikakuwekea kidonge ulimini, hukuweza kumeza. Kikatoka na mate. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua na lori halikuja. Kesho yake, adhuhuri, ukaenda zako.

Kaburini walisema kudra ya Mungu. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya arobaini nilivirudisha hospitali vidonge vilivyobaki. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akatikisa kopo akauliza kwa nini vimebaki vingi hivi. Nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Presha haikwenda popote homa ilipokuja, mwanangu. Ilikuwa humo humo, mkaiacha peke yake. Na homa yenyewe huisukuma juu." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka basi la Handeni likaniacha.

Kwamba nilikuachisha vidonge walijua wote, hata mama mdogo, lakini maneno ya muuguzi sikumwambia mtu. Nilirudi kijijini nikaendelea kugawa klorokwini na kuitwa daktari. Nilidhani kunyamaza ni kunyamaza tu, kumbe kulikuwa kunafanya kazi. Siku moja kisimani nikasikia mwanamke akimshauri mwenzake mwenye presha aliyeshikwa na homa: viweke kando kwanza vile vya presha, hata daktari alimwachisha mama yake. Nilisikia, nikajaza ndoo yangu, nikaondoka. Ndiyo, mama. Nikaondoka. Majuto ni mjukuu, lakini kwangu alikwisha kuja na bado nilimfungia mlango.

Mwezi uliopita ikaletwa habari kwamba mama mdogo ni mgonjwa. Naye amepatikana na presha, tangu mfungo uliopita. Mmefanana mpaka huko. Nilipanda lori la mahindi nikafika Korogwe ya zamani kwenye saa nne asubuhi. Nilimkuta amelala, mafua yamemziba, mwili moto. Nikamuuliza vidonge viko wapi. Akanionyesha pindo la kanga, amevifunga fundo. "Nimeviweka kando mpaka homa iishe," akasema, "kama ulivyomfanyia dada. Mimi namsikiliza daktari wetu." Na akatabasamu, kwa meno yale yale kama yako.

Nilivuta kigoda nikamwambia yote. Masharti uliyoyakariri, redio, kufuli, kichwa, chumvi, na mkono wako ulivyokuwa unageuka. Nilipomaliza alilifungua lile fundo kwa meno, akatoa kidonge kimoja. Nikampa kikombe cha maji, hakukipokea. Akainuka mwenyewe akishika ukuta, akateka maji mtungini, akameza. Kisha akauliza, "Alikuomba?" Nikasema aliniomba. "Mara ngapi?" Nikasema mara tatu. Akajilaza akanigeuzia mgongo.

Nilikaa kwake siku sita. Siku ile ile niliyofika nilimpeleka hospitali wakampima presha, wakampima na damu, dawa ya homa wakampa wao, si mimi, na wakasema vidonge vya presha viendelee kama kawaida. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Nilimpa maji ya kunywa kila mara, na uji usio na chumvi. Kila asubuhi nilimwekea kidonge kwenye kisahani, naye akakichukua nikishatoka. Homa ikashuka, mafua yakakauka, na walipompima tena presha haikuwa imepanda. Ni hilo tu lililotakiwa, mama. Maji, kitambaa, kidonge, siku sita. Hata mtu asiyesoma angeweza.

Siku ya kuondoka nilimwamkia mlangoni. Tangu utotoni hunijibu, "Marahaba, mwanangu." Safari hii alisema, "Marahaba," akaingia ndani.

Niliporudi niliomba nafasi mkutanoni, nikasimama pale pale nilipowacheka wazee. Niliwaambia ni mimi. Niliwaambia mwenye presha akishikwa na homa asiache vidonge vyake, na aende hospitali mapema. Hakuna aliyepiga makofi. Nikaomba sanduku apewe mwingine, wakasema mwingine ni nani, hakuna aliyefundishwa. Basi ninalo. Wanaendelea kuniita daktari na mimi naitika, maana wagonjwa hawana pengine pa kwenda. Lakini kila nikiitwa hivyo naisikia sauti yako ya siku ya nne.

Sikuombi radhi. Radhi ilikuwa mdomoni mwako na mdomo ule ulifungwa ufunguo ukiwa shingoni mwangu. Nitaishi bila hiyo, sijui vipi. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Sanduku halitafungwa tena, na kila nyumba yenye mtu wa presha, homa ikibisha hodi, nitafika siku hiyo hiyo nimkumbushe masharti yako kama ulivyoyakariri, hata wakinichoka. Na mama mdogo nitaendelea kumwamkia mpaka mmoja wetu atangulie.

Pumzika, mama. Ijumaa nitakuja kung'oa magugu kaburini kwako. Nitakuamkia, nitangoja kidogo kama ninavyofanya siku zote, kisha nitarudi kazini.

Mwanao,
Athumani