Nia ya Misa kwa Mlinzi wa Funguo

Mpendwa mshauri wa gazeti, Mama Victoire,

Naomba msaada wako mimi mzee wa miaka sabini na mmoja, katekista mstaafu hapa Butembo, niliyewaandaa watoto wa watu kwa ubatizo kwa miaka thelathini na minne, na ambaye leo sithubutu kupita mbele ya mlango wa jirani yangu mjane, kama mjane ndilo neno, maana hapo ndipo ulipo mkasa wote.

Labda nawe unaisikiliza ile hadithi ndefu inayosomwa redioni kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, ya mji wa mawe chini ya mlima wa theluji, wenye joka linalolala barafuni na mfalme anayezeeka vibaya, na kama huisikilizi nakusihi uanze, kwa sababu nje ya Maandiko Matakatifu sijapata kusikia kitu kilichonishika namna hii. Ndani yake yumo Balindu, mlinzi wa funguo, ambaye katika sura ya thelathini alimfungulia adui lango la mji mchana kweupe, kisha akaporomoka bondeni, na wasikilizaji wote wakamlaani. Mimi sikumlaani. Mimi, Mama, nilisimama kutoka kitini! Maana katika sura ya nne tuliambiwa waziwazi kwamba Balindu huvaa funguo mbili shingoni, na pale langoni alitoa mmoja tu, basi ule wa pili ulifungua nini? Ulifungua ghala walimofungiwa watoto ambao mfalme alikusudia kulilisha joka! Na mwili wake, nani aliuona? Hakuna! Na mbwa wake bado amelala mlangoni akingoja, na mbwa hangoji maiti!

Rafiki yangu tangu ujana, Syauswa, fundi cherehani ambaye ndiye mwenye redio, hataki kabisa kulisikia neno hilo.

"Weye katekista muzima," akaniambia, "unatetea mutu mwenye aliuzisha muji?"

"Na Petro, hakumukana Bwana mara tatu?"

"Petro alilia! Uyu wako alilia wapi? Nionyeshe sura!"

Tulibishana hata wateja wakasahau kupimwa suruali, na waendesha moto, yaani pikipiki, barabarani wakazima injini zao ili wasikie vizuri, nusu wakiwa upande wangu na nusu upande wake, mpaka Syauswa akanipiga kwa neno la mwisho: "Basi alikufa na zambi yake, bila padri. Umuombee misa basi, tuone!"

Neno hilo lilinichoma. Nami, ingawa naamini Balindu yu hai, niliona kwamba mtu mwenye busara hutengeneza njia zote mbili, kwa hiyo Jumatatu nilikwenda ofisi ya parokia nikaandikisha nia ya misa kwa ajili ya Balindu, aliyefariki bila kuungama. Katibu akauliza, "Balindu wa wapi, Papa?" Nikajibu, "Wa mbali." Sikudanganya.

Jumapili padri alilisoma jina hilo, pamoja na langu niliyeiomba nia, mbele ya kanisa lote. Nawe unajua desturi yetu: kabla jua halijazama, jumuiya yetu ya sala ilikuwa imejaa uani kwangu na makaa, maharagwe na mikeka ya kulalia matanga. "Pole, Papa Onésime. Balimuua wapi?" wakauliza, na mimi nikainamisha kichwa kwa aibu, nao wakadhani ni uchungu.

Akaja na Godelive, aliyekimbia vita upande wa Beni, ambaye mume wake, Mathe, alikwenda katika shamba lao la kakao miaka miwili iliyopita na hakurudi, wala mwili haukupatikana. Alileta beseni la maharagwe, na najua hakuwa na jingine. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na maiti ya ndugu yenu, Tata, baliiona?"

Na mimi, Mama, moyo wangu ukiwa ungali pale langoni na Balindu, niliruka kama kijana: "Hapana! Hakuna mwili! Na pasipo mwili hakuna kifo! Dalili ninazo! Yu hai, amejificha, nasi tutamwona!"

Akanishika mkono. Akalia, kisha akacheka, na kesho yake akavua nguo nyeusi. Sasa amewaaga majirani kwamba Ijumaa anapanda lori kwenda upande wa Beni, aingie mwenyewe katika mashamba yale kumtafuta mume wake, na kila anayemzuia anajibiwa, "Tata katekista alisema: bila maiti, hapana kifo." Njia ile si ya kuchezea, na mashamba yale hata wenyewe wameyaacha. Syauswa peke yake ndiye ajuaye ukweli, naye ameniambia, "Sema weye, ao nitasema miye." Lakini nikisema, nitakuwa nimemfisha Mathe mara ya pili kwa kinywa changu, na wote niliowafundisha Amri Kumi watajua niliwekewa matanga ya mtu wa redioni. Na zaidi ya hayo, mimi ni nani hata niseme amekufa?

Nifanye nini? Na kama una nafasi, niambie pia maoni yako juu ya ufunguo wa pili.

Wako katika Kristo,
Onésime

*

Papa Onésime,

Pole, na aibu kwako. Pokea vyote viwili kwa kipimo kimoja. Barua yako imefika jana Jumanne, nami nakutumia jibu hili kwa mwendesha moto leo asubuhi, maana lori la Ijumaa halingoji gazeti.

Kupenda hadithi si dhambi. Kumwonea huruma mtu aliyeanguka ni kazi uliyoifanya maisha yako yote, na sikucheki kwa hilo. Kosa lako ni jingine: mwanamke alikuuliza habari ya maiti, nawe hukumsikia. Balindu amepata nusu ya barua yako. Beseni la Godelive limepata mstari mmoja. Kisha unajificha nyuma ya swali la unyenyekevu, "mimi ni nani niseme amekufa?" Nani amekuomba useme hivyo? Hujui kama amekufa, wala hukujua uliposema yu hai. Neno lako ni moja: sijui. Lina uzito, lakini halitamfisha mtu.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu. Chukua beseni lake, ulijaze kuliko lilivyokuja. Mchukue Syauswa, ambaye ni rafiki bora kuliko unavyomwandika. Mwambie Godelive yote, hata habari za mbwa. Atakasirika; keti, sikiliza, na usimtaje Petro. Akicheka, usicheke kabla yake. Kisha muulize jambo ambalo katika barua yako yote sikuona kama umewahi kuliuliza: Mathe ni mtu wa namna gani?

Hayo yakiisha, nendeni pamoja parokiani mkaombe nia kwa jina la Mathe, bila kuandika marehemu, bila kuandika hai. Mungu hangoji sisi tujue ndipo asikie. Habari za kumtafuta zipitie kwa mapadri na machifu wa upande ule; wao wana miguu huko, yeye asitie yake. Na Jumapili simama mbele ya jumuiya useme misa ilikuwa ya nani. Watakucheka mwaka mzima. Stahimili, umewahubiria wengine uvumilivu.

Ama ufunguo wa pili: hata mimi nilisimama kutoka kitini. Lakini Balindu anaweza kukaa bondeni hadi Jumamosi. Godelive hawezi.

Sitachapisha neno hata moja la haya mpaka yeye mwenyewe akubali.

Victoire

*

Alhamisi. Godelive amefika ofisini kwetu, beseni kichwani. Lori hapandi. Akasomewa barua zote mbili, akasema, "Ule muzee! Muandike tu." Ameomba majina yote tuyabadilishe isipokuwa moja, ili atakayelisoma alitambue: Mathe, wa shamba la kakao, asiye na kidole kidogo mkono wa kushoto, ambaye akitembea huimba sauti ya nne ya kwaya.