Mlingoti, Tangawizi na Nyumba Yetu

Mume wangu mpenzi,

Bado nikiandika "mume wangu" mkono unataka kulirudia. Mume wangu, mume wangu. Haya, nimetosheka kwa sasa.

Nakuandikia hapa kwenye ukurasa wa timu yetu ya mchezo wa kompyuta, mahali ambapo mameneja wengine huweka tambo zao za kabla ya mechi. Najua Jumapili ukitoka ibadani utaondoka kambini kwenu, kwenye shamba la mkonge, uende Korogwe mjini, ukae kwenye kompyuta, na kitu cha kwanza utakachofungua ni timu. Kwenye simu vocha hukatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, maana huimaliza yote kwa kukuuliza umekula nini. Wengine watakaopita hapa na wasome, sina haya. Wajue kwamba timu hii ya kikapu inayoshika mkia kwenye ligi ina mameneja wawili, na mameneja hao wanapendana.

Unakumbuka siku ile ya kwanza pale Same? Mimi nilikuja intaneti kuchapa barua ya kuomba kazi. Upepo ulikuwa unapiga bati kama unataka kuling'oa, vumbi limeingia hadi kwenye vitufe, na kiti kilichobaki kilikuwa kando yako. Badala ya kuchapa nikawa nachungulia kioo chako. Ulikuwa unawapanga chipukizi wa drafti, wa kwanza nani, wa pili nani, na kila mmoja ameandikiwa umri na urefu tu, pamoja na nyota za kukisia alizopewa na skauti. Sikujua bado kwamba drafti ni timu kugawana wachezaji wapya, wala kwamba skauti ni mtafuta vipaji. Lakini mdomo wangu unaujua.

"Kaka, mbona unamweka juu huyo mrefu?"

"Kwa sababu ni mrefu."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na huyu mfupi ana kumi na nane, nyota zao sawasawa. Si bora huyu, ana muda wa kujifunza?"

Ukanigeukia taratibu, kama mwalimu aliyeulizwa swali na mtoto wa darasa jingine. "Dada, mpira unafundishika. Urefu haufundishiki."

"Na akili nayo haifundishiki?"

Ulicheka, mume wangu! Ulicheka hadi yule kaka mwenye intaneti akauliza kama kuna picha ya vichekesho imefunguliwa bila ruhusa. Kisha ukamwacha mrefu wako nafasi ya kwanza na ukampandisha mfupi wangu nafasi ya pili, "ili dada asinune." Bahati ikawa yetu, tukawapata wote wawili. Wako ulimwita Mlingoti, kwa ile milingoti ya mkonge inayosimama peke yake kule tambarare. Wangu nikamwita Tangawizi, kwa sababu mimi ni mtu wa Myamba, kunakolimwa tangawizi, na najua kitu kifupi kilichojificha chini kinavyoweza kuwasha.

Sikuichapa ile barua siku hiyo. Niliichapa wiki iliyofuata, na nilichagua kiti kilekile ingawa vingine vilikuwa vitupu.

Tulichumbiana pale pale, nasema ukweli. Wenzetu walikwenda kunywa soda stendi, sisi tulibishana juu ya mazoezi. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba mchezo huu hukubali kufundisha nafasi moja tu kwa wiki, ukifundisha masenta, warefu kama Mlingoti, magadi wafupi kama Tangawizi wanakaa bure, na kwamba kijana asipofundishwa akiwa bado mdogo, baadaye ni kama kukunja mti mkavu. Niliyapenda maneno hayo. Nilikupenda wewe, tuseme tu. Na kiwanda chenu kilipobinafsishwa mkapunguzwa kazi, ulikuja ukakaa kando yangu, ukamtazama Mlingoti wako akikosa mitupo huru, ukasema, "Huyu angalau bado ana mkataba." Nikajua huyu mwanamume anayeweza kutania siku kama hiyo, nitazeeka naye.

Halafu harusi yetu! Wiki ileile tukarudi intaneti, na yule kaka akapiga kelele hadi barabarani: "Jamani, bwana na bibi harusi, fungate ndiyo hii, kwenye kompyuta?" Hapo ndipo tulipowekeana dau letu. Wewe ulitaka tukaishi Vudee, kule milimani, nyumbani kwa mama yako, kwa kuwa yuko peke yake. Mimi nilitaka tubaki Same, kwenye chumba chetu kile, karibu na kazi yangu, karibu na umeme. Hakuna aliyetaka kumlazimisha mwenzake, basi tukaachia vijana. Akiitwa Mlingoti kwanza kwenye timu ya taifa ya vijana ya mchezo wetu, tunapanda Vudee. Akiitwa Tangawizi, tunabaki. Mazoezi wiki yako, wiki yangu, kwa haki. Kisha ikaja kazi ya ufundi kwenye shamba la mkonge, ukaenda, na mimi nikabaki na timu na mto wako.

Sasa nikuambie nilichofanya. Ilipofika wiki yangu nilikumbuka uso wako ulivyokuwa ukilieleza jiko la mama, na nikaweka mazoezi ya masenta. Nilitaka ushinde. Nilitoka intaneti natembea kama niliyekununulia shati bila wewe kujua. Siku mbili baadaye nafungua, nakuta mazoezi ni ya magadi. Nikarudisha. Wiki iliyofuata, tena magadi! Nikamwendea yule kaka.

"Kaka, kompyuta zako zina nini? Zinabadilisha vitu vyenyewe."

"Shemeji, kompyuta haina mkono. Nani mwingine anaijua namba ya siri?"

Nikasimama pale mlangoni kama niliyemwagiwa maji. Mume wangu! Ulikuwa unakatisha vumbi lote lile hadi Korogwe, siku yako ya kupumzika, ili umfundishe Tangawizi wangu. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikanunua maandazi nikala yote peke yangu kwa furaha.

Ila vijana wetu tumewaharibu. Kocha wa timu ya taifa ya vijana ametuandikia, soma mwenyewe kwenye kisanduku cha ujumbe: "Watoto wenu wote wawili ni nusu nusu. Amueni mnamfundisha nani." Hajaitwa yeyote. Na wewe wiki iliyopita kwenye simu ukasema meneja wa shamba anataka usaini mkataba mwingine Jumatatu hii inayokuja, mrefu kuliko huu. Nilipokuuliza utafanyaje ukajibu, "Sijui hata nikirudi narudi wapi." Kisha vocha ikakatika. Neno hilo limelala nami kila siku tangu hapo.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda Vudee. Nilikwenda kumwambia mama kwamba tunahamia kwake, basi, yaishe. Nilimkuta anachambua maharage ya makande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Same hamli?"

Nikamweleza yote, dau, vijana na mkataba. Alisikiliza hadi mwisho, akapuliza maganda kwenye ungo.

"Hao watoto wa kwenye kompyuta, mmoja mrefu mmoja mfupi, ndio waliopewa kazi ya kuamua juu ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwenye nyumba hakuulizwa?"

Nikavuta ungo nikaanza kumsaidia kuchambua.

"Nani kawaambia nina upweke? Nina kwaya, nina kikundi cha akina mama, nina jirani asiyejua kufunga mdomo. Mkihamia hapa mtaanza kunipangia chumvi. Mwambie mume wako anayeogopa ni yeye. Anaogopa siku moja aje akute jiko langu halitoi moshi. Mwambie bado linatoa. Mwambie akae karibu, mahali ambapo nikimwita asubuhi, jioni amefika. Kutoka Korogwe hafiki."

Kisha akanifungashia makande ya kulisha kijiji. Nimeshuka nayo kichwani hadi kwenye gari, huku natabasamu peke yangu.

Basi nyumba ni hii, mpenzi wangu. Chumba chetu cha Same, na kila mwisho wa mwezi tunapanda kwa mama. Wala sisemi nimeshinda, maana Tangawizi hakuitwa. Kazi najua hapa ni ngumu. Lakini mashine za kusaga za mjini zinaharibika kila wiki, na fundi wake anatoka Moshi. Tutakula makande. Mimi na makande hatujawahi kugombana.

Orodha ya drafti mpya imetoka. Kuna kijana mmoja wa kimo cha kati, si wako si wangu, ana miaka kumi na nane. Sijampanga popote. Kile kiti cha kando kitupu, nami sichagui mtoto peke yangu.

Usinipigie Jumapili, nitakuuliza umekula nini. Tumeshazoea kusemezana kwa njia nyingine bila kujua, sasa tuseme tukijua. Mazoezi nimeyaweka ya magadi. Kama unasaini, yaache yalivyo, nitaelewa na nitakungoja vilevile. Kama unarudi, yabadilishe yawe ya masenta, nipe Mlingoti.

Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa intaneti kabla yule kaka hajafungua kufuli.

Mkeo, bado na hina kwenye kucha.