Gathima, Kisima Kidogo cha Juu ya Barabara

Jumatatu, 3 Februari 1958

Nimesahihisha madaftari ya hesabu mpaka vidole vimekuwa vyekundu kwa wino. Halafu Mwalimu Mkuu akanituma stoo. Mmishonari wa zamani alirudi kwao akaacha masanduku, na mchwa wameingia. Vitabu vya nyimbo, taa iliyovunjika, na chini kabisa ramani. Kubwa, imebandikwa kwenye kitambaa. Mchwa wamekula pembe moja tu. Nikaikunjua nikaona ni hapa kwetu, kati ya Ruiru na Thika, kabla ya reli. Kabla ya kahawa hata! Mwalimu Mkuu amesema nichukue, yeye hana kazi nayo. Nimetembea nayo nyumbani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jumanne, 4 Februari

Nimeitandaza kitandani. Mume wangu Mwangi yuko kazini kiwandani Thika mpaka Jumamosi, kwa hivyo kitanda ni changu. Kijiji hiki chetu, tulichohamishiwa kwa nguvu wakati huu wa Hali ya Hatari, nyumba zimebanana kama meno, kwenye ramani ni nyasi tupu. Mito naijua. Majina siyajui. Mzungu aliyeyaandika aliyasikia kwa sikio la kwao.

Mama mkwe akaingia kutoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Yeye hasomi. Nikamsomea majina, tukacheka. Nilipofika kwenye nukta ya buluu iliyoandikwa "Gazima" akaacha kucheka.

"Si Gazima," akasema. "Ni Gathima."

Kisima kidogo. Chemchemi. Alikunywa hapo akiwa msichana, kabla walowezi hawajauzungushia waya mteremko wote na kuwaondoa watu. Tulipohamishiwa hapa alikitafuta, hakukiona. Aliwahi kuwaambia wanawake wa hapa, wakamwona mzee anayeota. Hajakitaja tena. Nimechukua penseli nikasahihisha jina. Mama alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza.

Ijumaa, 7 Februari

Mto umeshuka sana. Ng'ombe wa shamba la mlowezi huko juu wanaukoroga kabla haujatufikia. Leo madawati yana nafasi, watoto wanaugua matumbo. Wanawake wanateka mara mbili kwa siku na bado ni matope. Naangalia ile nukta ya buluu. Haiko mbali. Ikiwa ramani haidanganyi, iko karibu kuliko mto.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kwa hedimani, mkubwa wa kijiji. Bila ruhusa yake watu hawakusanyiki, hata kwa kuchimba. Ameitazama ramani kwa muda, akauliza kama naweza kuapa kwamba maji yapo. Nikasema siwezi.

"Jumamosi moja, Mwarimu," akasema. "Ikishindikana, hiyo karatasi uwashie moto wa chai."

Nimerudi nikiimba. Sikumwambia mtu hiyo sehemu ya moto.

Jumamosi, 15 Februari

Hakuna maji.

Nilipima kwa kamba kutoka barabarani, kama ramani inavyoonyesha. Tulichimba mpaka kiunoni. Murramu tupu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Kavu kama mkate wa jana. Wanawake waliacha kufua, waliacha shamba, Jumamosi ndiyo siku yao pekee. Wairimu, jirani yetu, alifuta jembe lake akaenda bila kuniaga. Mwangi alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama alikaa kwenye rundo la udongo akageuza kichwa huku na huku. Mimi nimelia nyuma ya choo. Naona aibu kwa ajili yangu, na zaidi kwa ajili yake. Sasa wataendelea kusema anaota, na safari hii ni mimi niliyempeleka mbele ya watu.

Jumapili, 16 Februari

Naandika haraka.

Tulikuwa tunakwenda kanisani, Mwangi, Mama na mimi. Jua bado liko chini. Kwenye mteremko wa juu ya barabara nikaona kivuli kirefu kwenye nyasi. Mfereji? Nikapanda na viatu vya kanisa. Si mfereji. Ni mabonde mawili membamba ya magurudumu, yanakwenda pamoja, yamefunikwa na majani, na katikati yao upana wa gari la kukokotwa. Yalikwenda moja kwa moja, kisha yakapinda. Nimelala na ramani hii karibu wiki mbili. Naijua hiyo kona.

Nikamwita Mama. Akapanda polepole, akaangalia, akaweka mkono mdomoni. Magari ya ng'ombe yalipita hapo, akasema. Barabara ya sasa ilikatwa baadaye, reli ilipokuja.

Nilipima kutoka barabara ambayo si ya ramani! Ramani haikudanganya, wala Mama. Yeye naye alikuwa anatafuta upande wa chini, kwa sababu alikumbuka kisima kiko chini ya barabara. Na kweli kiko chini ya barabara. Ile ya zamani.

Tulifika kanisani wakati wa sadaka. Nina nyasi kwenye soksi. Mwangi alinichekea mpaka mzee wa kanisa akatutazama.

Jumatano, 19 Februari

Hedimani amekataa. Alisema Jumamosi moja, na moja ni moja. Nilieleza barabara mbili, nikachora chini kwa kijiti. Akapiga miayo.

Jioni Mama amevaa leso yake nzuri akaenda mwenyewe. Nikamfuata nyuma. Hakubishana. Alimwambia tu kwamba mama yake, mama wa hedimani, alikuwa rika lake, na waliteka maji pamoja Gathima, na huyo mama alikuwa na mtungi wenye shingo iliyovunjika. Hedimani akasema mtungi huo anaukumbuka. Halafu akasema hatalazimisha mtu. Anayetaka aende.

Ijumaa, 21 Februari

Nimepita nyumba kwa nyumba. Wengine wamenipa chai, wachache wameniahidi. Kwa Wairimu nilisimama mlangoni nisijue nianzie wapi. Nimemwomba msamaha kwa siku yake iliyopotea. Akasema ataona. Sidhani nitalala.

Jumamosi, 22 Februari

MAJI.

Tulikuwa wachache kuliko mara ya kwanza. Wairimu alikuja, amechelewa, jembe begani, akaanza kuchimba. Mwangi alifyeka miiba chini ya ile kona. Udongo ukawa mweusi. Halafu jembe la Wairimu likagonga jiwe, na chini yake jiwe jingine, yamepangwa kwa mkono wa mtu. Mama akashuka shimoni, hakuna aliyeweza kumzuia. Akavuta la mwisho pamoja na Mwangi. Maji yakatoka machafu, yakatoka, yakatoka, halafu yakawa safi.

Wairimu akachota kwa kibuyu, akanipa mimi kwanza.

"Onja, Mwarimu."

Baridi. Yana ladha ya mawe. Nilicheka na kulia pamoja, na wote walinifuata. Kisha wakaanza kubishana: vigelegele viwe vitano, kama vya kuzaliwa kwa mtoto wa kiume, au vitatu kama vya msichana? Mama akasema vyote. Tukapiga vyote. Nadhani Thika walisikia.

Alasiri hedimani alikuja na debe lake. Tulimpisha. Alikunywa akiwa amechuchumaa, akakaa hivyo kitambo, mkono ndani ya maji.

Jumapili, 2 Machi

Mvua bado. Wanaume wamezungushia kisima miti ili mbuzi wasiingie. Mwangi amerudi Thika mchana huu.

Nilipotoka kumsindikiza nilikuta nyumba kimya. Mitungi imejaa tayari, imefunikwa. Mama amelala, viatu kavua, uso kaugeuzia ukuta, anapumua taratibu. Tangu niolewe sijawahi kumwona akilala mchana. Nimefunga mlango polepole nikakaa nje na madaftari.